Mgomba Chini ya Shuka

Nakumbuka siku nilipolala kwenye jamvi mbele ya shule nzima, nimefunikwa shuka jeupe mpaka usoni, huku wenzangu wakinililia. Nilikuwa mzima wa afya, nimetoka kula sahani mbili za maharage. Naanza na hiyo, mwanangu, kwa sababu umekuja kuniaga unakwenda kufundisha sanaa kwa vijana wa sekondari huko Kibondo, na mimi mwalimu mstaafu sina zawadi nyingine ya kukupa. Vitabu unavyo. Simu yako imejaa maigizo ya dunia nzima. Basi iweke pembeni kidogo, uchukue na hili la kwangu.

Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule iliyokuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwetu Mabamba. Sanaa haikuwa na kipindi kwenye ratiba kama siku hizi. Ilifanyika Ijumaa mchana, tukishatoka kwenye shamba la shule, na mkuu wa shule aliiita kuchezacheza. Kisha akaletwa Mwalimu Hamza, kijana mwembamba kutoka Pangani, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka jikoni. Siku ya kwanza aliingia na ndoo ya udongo mwekundu. "Mnasema hakuna rangi," akasema, "na rangi mnaikanyaga kila siku." Tukachora kwa udongo ule, kwa mkaa na kwa majivu, juu ya magunia tuliyoyafumua. Tulimpenda sana, mimi zaidi ya wote, maana ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba mkono wangu unajua kitu.

Ilipokaribia siku ya wazazi, akatunga mchezo wa baba aliyeficha ugonjwa wa binti yake mpaka binti akafa. Mficha maradhi kilio humfichua, na hilo ndilo alilotaka wazazi wakalifikirie. Binti alikuwa mimi. Mwalimu akasema, "Skola, tumia jina lako mwenyewe. Watu wakisikia jina la kweli, watasisimka."

Tulitazamana, halafu tukatazama chini. Kila mmoja wetu alijua kwamba kwetu mtu aliye hai haliliwi kwa jina lake. Lakini kwetu vilevile mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea; anainamisha kichwa na kunyamaza, na mkubwa mwenye busara anaelewa kwamba kuna neno. Mwalimu Hamza hakuwa wa kwetu. Aliona vichwa vimeinama, akadhani tumekubali. Tukasema ndiyo mwalimu, tukaenda kufanya mazoezi.

Siku yenyewe ikafika. Nikalala, nikafunikwa, wasichana wakaanza. "Skola we! Skola, umetuachia nani!" Walilia vizuri mno, mwanangu, mpaka akina mama waliokuwa wamekaa kwenye madawati wakaitikia. Chini ya shuka nilisisimka kwa fahari. Ndipo nikasikia sauti ninayoifahamu kuliko zote duniani ikiuliza, "Nani amekufa hapa?"

Alikuwa bibi yangu, aliyenilea tangu mama aliponizaa na kufariki. Alinifunua shuka, akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, tukapita katikati ya viti na kuondoka. Mgeni rasmi alikuwa bado ameshika tama.

Habari ya msiba hupanda baiskeli. Keshokutwa yake mama mdogo alifika kutoka Kumsenga, kikapu cha maharage kichwani, analia tangu kule barabarani. Akanikuta uani nasugua sufuria. "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Skola, ni wewe au ni kivuli?"

"Ni mimi, mama mdogo. Sijafa."

Akakaa chini palepale. Alipopata pumzi, akanikasirikia kana kwamba nimekataa kufa makusudi. "Nimetembea jua lote hili! Nimewaambia mpaka kanisani!" Tulipika yale maharage yake, akala, akacheka mpaka akalia tena. Bibi hakucheka. Alingoja mgeni aondoke, ndipo akaniambia kwamba shuleni sitarudi. "Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Siwezi kukurudisha mahali walipokulaza."

Sikuamini masikio yangu. Mwaka uliokuwa unafuata ndio wa mtihani. Kijijini kwetu tulikuwa wasichana wawili tu tuliofika sekondari, na tayari kuna mama mmoja aliyekuwa ameanza kuniulizia kwa ajili ya mwanawe. Nilijua nikikaa nyumbani muhula mmoja, sitatoka tena. Nikamwambia Bibi kwa hasira kwamba ule ulikuwa mchezo, na kwamba yeye ni mtu wa zamani. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua, na akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Walipokimbia vita kule Burundi, Bibi alikuwa na watoto wawili. Mimi nilikuwa mgongoni, sijaota hata jino. Mkononi alimshika Misago, kitinda mimba wake. Misago akashikwa na homa porini, kabla hawajavuka mto, akamfia mikononi. Wenye silaha walikuwa karibu. Bibi alimfunika kwa majani, na mimi nilipotaka kulia akanifunga mdomo kwa kiganja. "Hata mimi nilimeza kilio changu," akasema. "Nilikimeza kilio cha mwanangu ili wewe uvuke. Halafu leo nakuja shuleni kwenu, nakuta wewe niliyekuvusha ndiye unayeliliwa." Niliona aibu, mwanangu, nikakaa nikachambua naye.

Siku chache baadaye Mwalimu Hamza akaja kwa baiskeli, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo Bibi. Nimekuja kuomba radhi. Ila naomba uelewe kwamba ulikuwa mchezo tu."

"Marahaba," akasema Bibi, anapepeta kwa ungo wake. "Wale wasichana walitoa machozi?"

"Walitoa, Bibi. Walicheza vizuri sana."

"Kama yalikuwa ya uongo, basi unawafundisha uongo. Na kama yalikuwa ya kweli, weye mwalimu, uliwaliza kwa ajili ya nani? Mtu wenu yuko hapa, anaosha vyombo."

Mwalimu alikuwa mtu wa maneno, mshairi, hodari wa kujibu. Lakini siku hiyo alichukua baiskeli yake akaondoka. Nikaenda nyuma ya migomba kulia. Nilijua shule imekwisha.

Jumamosi akarudi. Safari hii alikuwa na jembe la kuazima, na hakusema lolote kuhusu mimi wala shule. Aliingia kwenye tuta la maharage akaanza kupalilia, na alikuwa anang'oa maharage pamoja na magugu. Bibi alivumilia, alivumilia, mwisho akashindwa. "Kwani pwani hamlimi?"

"Tuna minazi, Bibi. Nazi zinaanguka zenyewe."

Hapo Bibi akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ile. Mwalimu akaja Jumamosi nyingine na nyingine, na mikono yake ikaanza kujua tuta. Siku moja, wamepumzika, akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, nifundishe. Nikitaka watu walie bila kumzika aliye hai, nifanye nini?"

Bibi alitazama migomba yake. Kisha akainuka, akachukua panga, akakata mgomba, akaulaza kivulini. Akasema kwamba kwao mtu akifia mbali na mwili usipatikane, mgomba unalazwa mahali pake na kuitwa kwa jina lake. Watu wanalia, wananawa mikono, wanakula, wanarudi shambani. Bila hivyo msiba hauishi.

Nikamuuliza, "Na Misago, Bibi, mlimlazia mgomba?"

"Oya, hatukumlazia. Nani angelia nami? Tulifika ugenini, hatujui hata jina la jirani."

Mwalimu alitazama ule mgomba muda mrefu. Akasema angependa kuandika mchezo upya, wa mama anayevuka mpaka, ila hana jina la kumpa mtoto. Kila jina analolifikiria lina mwenyewe darasani. Bibi akasema, "Mwiteni Misago. Yeye hayupo kwenye daftari la mtu yeyote." Halafu akanielekezea kidole. "Na huyu atasimama. Asilale tena."

Ndivyo nilivyorudi shuleni kwa mazoezi, kwa ruhusa ya mchana tu, sare yangu bado imefungiwa sandukuni. Bibi alikuwa amesema ataamua akishaona kwa macho yake. Nikapewa nafasi ya mama, yaani nimwigize Bibi mwenyewe. Tulichora pori kwenye magunia kwa mkaa na majivu. Mwalimu akataka nichore na uso wa mtoto kwenye mgomba. Bibi, aliyekuja siku hiyo kutukagua, akaushika mkono wangu. "Usimchore. Uso wake ninao mimi. Waachie na wengine waweke wa kwao."

Siku ya mchezo uwanja ulijaa. Walikuja mpaka wazee wasiokuwa na mtoto shuleni, maana wengi wa upande ule walivuka kama sisi. Nikatokea na kitoto cha matambara mgongoni, nimebeba mgomba mikononi. Nikaulaza, nikaufunika shuka. Nikaita mara moja tu, taratibu, "Misago." Kisha nikafanya kama Bibi alivyonionyesha: mkono mmoja nikaupeleka nyuma kufunga mdomo wa mtoto, mwingine nikaufunga wangu. Nikabaki hivyo. Hapakuwa na maneno zaidi, na Mwalimu alikuwa ametukataza kulia.

Hapo ndipo Bibi akasimama. Mkuu wa shule alijishika kichwa, akijua mambo ni yaleyale. Nilijua akinishika mkono leo, ndio mwisho wangu na darasa. Akaja mbele polepole. Akanipita. Akapiga magoti kando ya mgomba, akaweka kiganja juu ya shuka, na kile kilio alichokimeza mimi nikiwa mgongoni kwake kikatoka.

Sitaweza kukusimulia sauti ile. Nitakuambia tu kwamba hakulia peke yake. Mzee mmoja kule nyuma aliita jina la nduguye. Mama mwingine akaita la kwake. Majina yakatoka kila upande wa uwanja, mengine hatukuwahi kuyasikia, na kila jina lilipata watu wa kuliitikia. Mchezo haukuisha, na hakuna aliyeuliza mwisho wake. Mkuu wa shule alivua kofia. Baadaye Bibi aliomba maji, wakaletewa beseni, wakanawa wote mmoja baada ya mwingine, walimu na wanafunzi na wageni. Mwalimu Hamza alinawa wa mwisho, macho mekundu.

Tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika, Bibi akafungua sanduku. "Kesho vaa sare yako," akasema. "Na soksi uvae. Asubuhi kuna baridi."

Sasa wewe, mwanangu. Mimi nilifundisha Kasulu, nikafundisha na Buhigwe mpaka nikastaafu, na sikuwahi kuingia darasani bila kukumbuka haya. Darasa la kwetu likiinamisha kichwa, usifikiri limekubali. Uliza, tena uliza kwa namna ambayo mtoto anaweza kujibu bila kukuvunjia heshima, labda kesho yake, labda kwa kumtuma mwenzake. Kabla hujamsimamisha mtoto wa mtu mbele ya watu, wajue watakaokaa pale chini na walichopitia. Usimpe mwanafunzi kidonda chake akichezee. Mpe mgomba, mpe kinyago, mpe jina lisilo na mwenyewe, apate pa kushikia. Ukikuta uso ambao si wako kuuchora, uache wazi. Na atakayekuambia kazi yako ni kuchezacheza, usigombane naye. Mkaribishe tu aje aone.

Utakosea, hilo sikufichi. Mwalimu wangu alikosea, na bado ndiye mwalimu bora niliyewahi kumpata, kwa sababu alipokaripiwa alirudi.

Nenda basi. Mungu akutangulie kwenye milima ile, akupe sauti isiyokauka na wanafunzi wenye vichwa vigumu. Akupe mzee mkali wa kukukaripia mapema, na masikio ya kumsikia. Na wote watakaokaa mbele ya kazi yako wakiwa wamebeba mzigo, wainuke wakiwa wepesi kuliko walivyokuja. Amina, mwanangu. Amina.