Mpiga Picha Anayegeuza Nyuso Ukutani

Mpiga picha wa mtaa wetu alinipiga picha bila kuniuliza, nikiwa kichwa wazi, nacheka na jirani mlangoni, akaitundika dukani kwake. Kaka yangu, ambaye kwake picha ya mtu ni haramu, alisema nimejianika kusudi, akaacha kunisalimu. Nilikwenda dukani nimefura. Nikamkuta mpiga picha anafuta lenzi kwa pindo la shati, ncha ya ulimi nje, kama kawaida yake. Adhana ikaadhiniwa. Akaanza kugeuza picha zote zitazame ukuta, moja moja, kwa mikono miwili, akiziambia, "Samahanini jamani, dakika kumi tu." Yangu aliigeuza mwisho, taratibu. Alipomaliza kuswali akasema, "Dada, nimekukosea. Niliogopa nikikuita utaacha kucheka."

"Si ungeniita nikajitanda, mwehu wewe!" Nikajikuta nacheka tena, na safari hii kamera hakuigusa.

Siku hiyohiyo alimpelekea kaka picha ile pamoja na filamu yake, akamwapia kwamba sikujua lolote. Kaka alivichoma vyote. Mimi na mpiga picha tumemalizana. Kaka, niliyetoka naye tumbo moja, ukweli anaujua, na mpaka leo hajaja kuniambia, "Nilikuonea."