Diski na Kadi Yake

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kompyuta pale Nyalukemba, mkuu wa karakana aliniwekea mkononi diski nzito kama tofali. "Ukiangusha hii, leo unarudi kwenu." Sikuiangusha. Mikono yangu haijaniaibisha hata mara moja, wala sioni haya kujisifu.

Ninyi vijana mmezoea diski za kutia mfukoni. Zetu zilikuwa na sahani za chuma zilizozunguka ndani ya kasha, na kila diski ilikuwa na kadi yake, yaani ubao wa kuiongoza uliochomekwa ndani ya kompyuta. Diski iliyoandaliwa na kadi fulani haikusomeka kwa kadi ya aina nyingine.

Vita vilipokaribia mji, mkuu alitukusanya.

"Mutoe madiski tu, tukimbie nazo. Mamashine, waporaji wabebe."

"Chef, na makarti?" nikauliza, maana ndivyo tulivyoziita kadi.

"Achana na makarti! Diski njo iko na akili."

Tukazificha diski kwenye magunia ya maharage. Tuliporudi, kompyuta zilikuwa zimeporwa, kadi zikiwa ndani.

Ndipo akaja Maman Nsimire, mwalimu wa chuo. Moja ya diski tulizozificha ilikuwa yake, yenye kamusi ya lugha ya Mashi, maneno na masimulizi aliyoyakusanya miaka mingi kwa akina mama wa vijijini, akianza na mama yake mzazi. Mama huyo aliuawa vitani.

"Papa Déo," aliniambia, "picha yake iliungua na nyumba. Maneno yake iko mu ile diski tu."

Mkuu alisema kazi hiyo haiwezekani. Mimi nilikumbuka kompyuta ya aina ileile katika shule ya masista kule Nyangezi, nikaenda. Niliikuta imetandikwa kitambaa, juu yake sanamu ya Bikira Maria na maua.

"Hii ilikufa zamani, papa," sista aliniambia.

"Ndani iko kitu moja yenye ingali muzima, ma sœur."

Alimhamisha Bikira Maria kwa heshima zote, nami nikachomoa kadi.

Karakanani niliichomeka kwenye kompyuta tuliyoipata baada ya vita, lakini diski ilikataa kuzunguka. Sahani zilikuwa zimeganda kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Mkuu alitikisa kichwa. Nikaishika diski kwa mikono miwili, nikaizungusha ghafla nusu duara, kama mtu anayefungua kifuniko kigumu, nikawasha umeme. Ikaanza kuvuma.

Maandishi yalipotokea, Maman Nsimire hakushangilia. Alivuta kiti karibu na kioo, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kwa Mashi. Nilipotaka kunakili kwenye disketi, alinishika mkono.

"Ngoja kwanza, papa. Anaongea."

Nikangoja. Mkuu naye akavua kofia.

Sasa nimestaafu, na watu bado huniletea kompyuta za kale nizifufue. Wengi huniuliza mashine ipi ilinipa sifa kubwa. Sifa ninazo tele. Lakini ninachojivunia kweli ni kwamba siku ile, katika karakana yetu, mwanamke alimsikia mama yake tena.