Mavi ya Prof imemuumbua leo

Leo ku labo, mavi ya Prof wetu imemuumbua mbele ya watu wote.

Tunatafutaka mu mavi ya watu bakteria moja nzuri ya tumbo, ile tulitoa mu mashanza, maziwa yetu ya kuganda. Iko na kipande ya jeni yenye bakteria zingine hazina. Masini ikiipata, mustari unawaka.

Ila kwa kulinganisha, tulihitaji mavi ya mutu mwenye hakunywaka mashanza hata kidogo.

Prof akajitolea. "Mutumie ya kwangu! Mashanza ni ya ku village. Mimi ni yaourt, mtindi ya Ulaya, kila asubuhi."

(Vita imefunga barabara, hata chumvi ni shida. Hakuna mwenye aliuliza hiyo yaourt inapitia wapi.)

Leo matokeo yakatoka. Mustari wa Prof njo unawaka kuliko yote!

Akatutukana eti tumechafua tube ya mavi yake. Tukarudilia mara tatu. Unawaka tu.

Akapigia bibi yake wa ndoa simu, akaweka haut-parleur wote tusikie:

"Maman Solange, ile yaourt unaitoaka wapi?"

Maman Solange akajibu:

"Papa, tangu vita ianze nanunuaka mashanza ku soko ya Nyawera, naitia mu ile chupa ya zamani ya yaourt. Na kila asubuhi unaniambiaka Wazungu njo wanajua maziwa."

Bandugu, tulicheka mpaka kulia.

Sasa tunatafuta mutu mwingine wa Bukavu mwenye hakunywaka mashanza. Mwenye kujiamini alete mavi yake.

Lakini kwanza aulize bibi yake.