Vidole Vinne Kila Upande

Mke wangu ana tabia moja iliyonisumbua kwa miaka thelathini na moja: hakubali kitu kiitwe kigumu kabla hajakishika yeye mwenyewe. Nikihangaika na kifuniko cha chupa hadi viganja vikawa vyekundu, ataninyang'anya na kukifungua. Kazi yake ni kufundisha udereva. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu imenizoeza kupima mara mbili kabla ya kukata. Yeye pia hupima mara mbili, ila anapopima mara ya pili huwa ameshawasha injini.

Mtaani wanamwita Mwalimu. Hata marehemu mama yangu, ambaye hakuwahi kushika usukani, alimwita hivyo, na hakuwa mtu wa kugawa heshima ovyo. Kwa miaka ishirini na miwili mke wangu alifundisha katika shule moja ya udereva. Wamepita mikononi mwake manesi, wauza nyama, mapadri wawili na hakimu mmoja aliyekuwa akifunga macho kila akipishana na lori. Hafoki. Mwanafunzi akizima gari katikati ya mzunguko na honi zikaanza kulia nyuma, yeye humwambia, "Hao kazi yao ni honi. Yako ni klachi. Washa tena, taratibu."

Mwaka huu mwenye shule alifariki, na mwanawe akarithi. Kijana alimwita ofisini, akamkaribisha kiti na soda baridi, akamwambia, "Mama, umetutumikia vya kutosha. Sasa pumzika." Mke wangu ana miaka hamsini na minne na hajawahi kukwaruza hata bampa. Alirudi nyumbani na hundi ya kiinua mgongo, akaketi kando ya cherehani yangu na mkoba bado begani.

"Nani amemwambia nimechoka?" aliniuliza.

Nilikuwa nashona pindo la suruali ya mtu, nikaendelea kulishona ingawa lilikuwa limeshakwisha.

"Nafungua shule yangu," akasema.

Nilimweleza yote ambayo mume mwoga hueleza: umri, ushindani, bei ya mafuta, macho ya watu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa, kisha akaniomba nusu ya duka langu iwe darasa. Jioni ile ile nikaanza kuhamisha majora ya vitambaa. Sijui ilikuwaje. Ndivyo ninavyoshindwa siku zote, kwa adabu.

Idara ya leseni ilitaka vitu vitatu: cheti chake, chumba cha darasa, na gari jipya kabisa la gia za mkono, lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Cheti kilikuwepo. Chumba kilikuwepo, kikinuka vitambaa. Tatizo lilikuwa gari. Mkaguzi wa idara hukagua shule mpya mara moja tu kila miezi mitatu, na siku yake ilikuwa Ijumaa. Tukiikosa Ijumaa, kiinua mgongo kingegeuka unga na sabuni kabla mkaguzi hajarudi, na yule kijana wa soda baridi angekuwa amesema kweli.

Wiki tatu tulizunguka. Magari mapya ya mwaka huu yalikuwa yametupita kimo kwa bei, na yale tuliyoyaweza yalikuwa yamekwisha kupita mikononi mwa watu. Jumatano jioni simu ikaita. Alikuwa Koni.

Koni ni muuzaji katika duka kubwa la magari. Jina hilo alilipata kwa mke wangu, kwa kuwa katika somo lake la kwanza la kurudi nyuma aliangusha koni saba za plastiki zilizopangwa kuonyesha njia, kisha akashuka na kuikanyaga ya nane kwa mguu. Alipata leseni baada ya mtihani wa nne.

"Mwalimu, kuna gari hapa," alisema. "Ni la mwaka jana, lakini ni jipya. Njoo kabla sijaambiwa nisikuambie."

Alhamisi asubuhi tulikuwa pale. Ukumbi ulikuwa wa vioo, na sakafu iling'aa mpaka nikaona haya kwa viatu vyangu. Koni alitupokea na tai yake ndefu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akatupeleka hadi kona ya mwisho kabisa.

Gari lilikuwa la njano. Si njano ya kuficha. Njano ya kiini cha yai. Pua yake ilitazama ukuta, vumbi limetanda juu ya boneti, na kwenye kioo cha mbele bei ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya mara mbili.

"Kampuni moja iliagiza, ikaghairi," Koni alieleza. "Siku hizi wateja wanataka otomatiki, na hawataki njano. Hili ni njano na lina gia. Miezi kumi na minne hakuna aliyeufungua mlango wake, isipokuwa mama wa usafi."

Mke wangu aliinama, akatazama matairi, akapitisha kidole kwenye mpira wa madirisha, akaketi kwenye usukani. Lilikuwa limetembea kilomita kumi na moja tangu lizaliwe. Alikanyaga klachi mara tatu, na nikaiona ile sura yake ya kifuniko cha chupa.

"Tofauti yake na la mwaka huu ni nini?" aliuliza.

"Taa za nyuma zimebadilishwa umbo."

"Hizo wataziona walio nyuma yangu. Niitie meneja."

Meneja alikuwa mtu mnene mwenye haraka, kalamu nne mfukoni. Mke wangu hakumlilia shida. Alimwambia gari limesimama mpaka betri imekufa, matairi yameanza kulala, mwaka mwingine uko mlangoni, na halina mtu duniani isipokuwa yeye. Akataja bei yake. Ilikuwa chini ya ile iliyoandikwa kwa moja ya tano, yaani kiinua mgongo chote mpaka senti ya mwisho. Meneja alikuna kidevu. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kuliona.

"Sawa, mama," akasema. "Ila utalichukua wiki ijayo."

Ndipo tulipoona jambo ambalo tulikuwa tumelipita kwa miguu bila kulitilia maanani. Kesho yake kulikuwa na uzinduzi wa toleo jipya. Katikati ya ukumbi walikuwa wamejenga jukwaa la duara, na juu yake kulikuwa na gari lililofunikwa kitambaa cheusi. Mengine manne mapya yalikuwa yamepangwa kuelekea mlango, yamesuguliwa, na maua yamewekwa kati yao. La njano lilikuwa limezibiwa njia. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kutoka kinyumenyume, kupita kati ya nguzo ya saruji na ukingo wa jukwaa, halafu kukata kona kuelekea mlango wa kioo.

"Madereva wangu wamekataa," meneja alisema. "Na sibomoi jukwaa kwa ajili ya gari moja la mwaka jana."

"Mkaguzi anakuja kesho," mke wangu alisema.

"Basi pole, mama."

Nilishaanza kutafuta maneno ya kumfariji njiani. Kumbe mwenzangu anatazama nguzo.

"Nitalitoa mimi," akasema.

Koni akadakia, "Bosi, huyu ndiye aliyenifundisha mimi."

"Hilo ndilo linaloniogopesha," meneja akamjibu.

Walibishana kidogo, kisha meneja akaweka masharti: akigusa kitu chochote, nguzo, jukwaa au ua, hakuna punguzo na matengenezo ni juu yake. Mke wangu akaweka lake: akilitoa bila kugusa, anaondoka nalo leo kwa bei yake, na gereji yao imfungie breki ya pili kabla ya jioni. Wakaandika kwenye karatasi, wakatia sahihi. Mimi nilitamani kuichana. Fedha ile ilikuwa jasho la miaka ishirini na miwili, na nguzo haina huruma.

"Baba," aliniambia, "tepu yako unayo?"

Tepu ninayo siku zote. Naivaa shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya kujitazamia, nikalipima gari mabegani kama mteja wa koti, vioo vya pembeni vikiwa vimekunjwa. Nikapima pengo. Nikarudia vyote viwili, kama kazi ilivyonizoeza. Likienda sawasawa katikati, lingebakiza vidole vinne kila upande.

"Vinatosha," akasema.

"Mke wangu, hata sindano inahitaji nafasi ya kugeuka."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Simama kwenye nguzo. Usipunge mikono, usiseme 'njoo, njoo'. Nitajie vidole tu."

Waliiamsha betri, wakajaza upepo. Mke wangu alivua viatu, akaendesha kwa soksi tupu ili aisikie klachi vizuri. Wafanyakazi wote waliacha meza zao. Hata mama wa usafi alikuja na ufagio wake, akasimama mstari wa mbele, na kwa haki, maana ndiye aliyelitunza.

Gari likaanza kurudi. Halikwenda, lilipumua tu na kusogea. Niliweka kiganja kati ya ubavu wake na saruji.

"Vinne," nikasema. "Vinne. Vinne."

Mlango wa nyuma ulipofika kwenye nguzo, nikahisi rangi imenikaribia. "Vitatu." Jasho likanitoka. "Viwili."

Akasimama. Hakuhema, hakutazama watu. Akaingiza gia ya kwanza, akasogea mbele kiasi cha hatua moja, akagusa usukani kidogo tu, akarudi tena. Vitatu. Akasogea mbele, akarudi. Vinne. Nilitaja vidole mpaka nikasahau kuwa kuna namba nyingine. Alikwenda mbele na nyuma mara kumi na moja, na kila mara sauti ya injini ilikuwa ile ile, haikupanda.

Kisha pua ikapita nguzo, na mkono wangu ukabaki hewani bila kitu cha kupima. Akakata kona polepole, akaacha maua kushoto, akashuka kizingiti cha mlango, akasimama juani. Akavuta breki ya mkono. Ua halikutikisika.

Mama wa usafi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Koni alikuwa anafuta macho kwa tai yake, akiwaambia wenzake, "Nilifundishwa na huyu, mnasikia? Na huyu." Meneja aliizunguka nguzo mara mbili akitafuta mkwaruzo, akakosa, akatoa kalamu. Aliuliza kama Mwalimu angekubali kuwanoa madereva wake kidogo. Akaambiwa awalete Jumatatu, walipe kama watu wengine.

Mimi nilijisikia kuimba. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii, nikidhani kazi yangu ni kumzuia asianguke. Siku ile nilielewa kwamba nilichotakiwa ni kusimama kwenye nguzo na kutaja vidole.

Saa kumi na moja jioni breki ya pili ilikuwa imefungwa. Kesho yake mkaguzi alifika dukani kwangu na mkoba wake, mtu mkavu asiyetabasamu. Akakagua chumba. Akakagua gari, akakanyaga breki ya kulia, akakanyaga ya kushoto, akaandika. Halafu akasukuma fomu mezani, mbele ya mke wangu. Kwa miaka ishirini na miwili fomu za namna hiyo zilikuwa zikimjia zimeshajazwa nusu ya juu, na yeye akitia jina lake kwenye mstari wa chini.

Alichukua kalamu, akajaza mistari yote, akamrudishia.

Mkaguzi akasoma. "Mwalimu mkuu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na mmiliki?" Akainua macho, kwa maana jina lilikuwa lile lile.

Mke wangu alinyoosha mgongo. Sauti iliyokuwa imetulia kwenye nguzo sasa ilimtetemeka, na hakuificha.

"Huyo pia ni mimi," akasema.

Mkaguzi akagonga muhuri.