King'ora na Mke wa Fundi

Kiwanda kizima cha barafu kilimwita King'ora, hata meneja. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu namna ya kujiokoa. Gesi ya amonia, ile inayogandisha maji, ikivuja, lowesha kitambaa uzibe pua, tazama bendera ya paani ujue upepo unaelekea wapi, kisha toka kwa kuukata upepo, usiufuate. Halafu alimalizia kwa maneno ambayo wafanyakazi waliyaigiza kwa sauti yake ya puani: "Ukishatoka, hurudi. Hata kama umemwacha mama yako."

Mchana alikula peke yake. Si kwamba walimchukia. Ni vile ukikaa naye hukosi kuambiwa kiti chako kimeziba mlango. Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mkewe alikwenda kwa binti yao kulea mjukuu, kwa muda tu. Mjukuu alishaanza shule na bibi mtu hajarudi. King'ora alizoea kupika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama.

Gesi ilivuja kweli asubuhi moja, watu wakifunga barafu kwenye magunia. Harufu ilipiga kama kofi. Wote wakakimbilia geti kubwa walilolizoea, na upepo ulikuwa unaelekea huko huko. King'ora akawatangulia, akatanua mikono, akawageuza kama mbuzi walioingia shamba la mtu, hadi uwanja wa nyuma. Hapo ndipo ikajulikana kuwa fundi wa mitambo hayupo.

Mke wa fundi, naye mfanyakazi wa magunia, akageuka arudi ndani. King'ora akamdaka.

"Niache. Mume wangu yuko ndani."

"Zimamoto wanakuja, mama. Wana mitungi ya hewa. Wewe huna."

"Basi ingia wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Siingii."

Mwanamke akamng'ata mkono, akamparura shingo. Wenzao walitazama pembeni. Hakuna aliyesaidia kumshika. King'ora hakumwachia. Fundi ndiye pekee aliyekuwa akimtania usoni badala ya mgongoni, na kama kuingia kungefaa kitu, angeshaingia.

Zimamoto walimtoa fundi amezirai, lakini hai. Alilazwa, akapona, sauti tu ikabaki ya kukwaruza. Aliporudi kazini alimfuata King'ora stoo, akamkuta akifuta vumbi kofia ngumu.

"Mzee, nasikia ulimzuia mama watoto."

"Nilimzuia."

"Ulifanya vizuri. Angeingia, watoto wetu leo wangekuwa kwa shangazi yao." Fundi akakohoa. "Ila yeye moyo umekataa. Anasema akikuona tu, anakusikia ukisema siingii. Ameomba zamu ya jioni msikutane."

"Mwache. Hana kosa."

"Njoo nyumbani siku moja, mzee. Tuyamalize."

"Nitakuja," alisema King'ora. Fundi alisubiri ataje siku, alipoona hataji, akaaga.

Jumapili mkewe alipiga simu. Akamweleza mjukuu anavyokua, meno ya utotoni yanavyomng'oka, maneno anayoyasema. King'ora alicheka panapochekesha.

"Na wewe huko, kazi?"

Alitazama mkono wake, kovu la meno lilikuwa limeanza kufifia. Alifikiria aanzie wapi.

"Kazi ipo," alisema. "Endelea, alisema nini tena huyo mtoto?"