Tikiti ya Watu Watano

Mume wangu alihamia Mabanga, mtaa mwingine hapa Goma, mwaka mmoja kabla ya binti yetu kumaliza shule ya msingi. Hatukupigana. Alikuwa mfanyabiashara wa njia ya Butembo, amezoea kufunga na kufungua mizigo, na siku ile alifunga begi kama mtu anayefuata maharagwe kule na kurudi. Akaniambia ana mwanamke mwingine, wana mtoto wa kike, na ataishi kwao kwa muda. Sikumuuliza muda gani. Nilibaki Murara na watoto wetu wawili, binti na mdogo wake wa kiume, na meza yangu ya kuuza jibini na maziwa yanayoshuka kutoka Masisi.

Walioniuliza niliwajibu kwamba yuko safarini. Kwa mke wa mfanyabiashara, hilo ni neno lisiloshangaza mtu.

Lakini aliacha ahadi nyuma. Alikuwa amemwambia binti yetu kwamba akifaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tutakwenda sote Kigali, kwenye bustani moja ya michezo yenye gurudumu kubwa linalopandisha watu hewani. Binti alikuwa ameliona kwenye telefoni ya mwenzake wa darasani. Alikuwa halitaji mara kwa mara, ila kila alipochora kitu pembeni mwa daftari kilikuwa cha mviringo, na ndani yake watu wanne.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu vizuri. Majirani walipiga vigelegele. Yeye alisubiri waondoke, akaja mezani kwangu nikiwa nafunika jibini.

"Mama, ile papa alisema, ingali?"

Nikampigia simu baba yake jioni ileile.

Alikuja siku ya Jumamosi. Alibisha hodi. Nyumba hiyo aliijenga mwenyewe, mbao kwa mbao juu ya mawe ya volkano, na sasa alisimama mlangoni akingoja kuambiwa karibu. Nilimpa chai. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akatoa telefoni, akafungua ukurasa wa ile bustani, na mara moja akawa mtu niliyemfahamu. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno matamu. Furaha yake ilikuwa kulinganisha bei. Tulipooana alilinganisha njia mbili za kuleta bia ya harusi, usiku mmoja mzima, na mimi nilimpenda zaidi kwa ajili hiyo.

"Angalia," alisema, akinisogezea telefoni. "Kuko namna tatu. Ya kwanza, unalipa mulango peke yake, halafu kila muchezo unalipa kivyake."

"Hiyo watatumaliza," nikasema. "Mutoto akishapanda mara moja atataka tena."

"Njo vile. Ya pili, kila mutu analipa bangili ya siku nzima, anacheza mupaka achoke. Lakini wewe utacheza nini? Wewe unaogopa hata ngazi."

Nilicheka. Na yeye akacheka. Watoto walikuwa nje, wakanyamaza ghafla kusikiliza.

"Ya tatu ni tikiti ya familia," akaendelea. "Bakubwa wawili na batoto batatu, bangili kwa kila mutu. Inashuka bei sana."

"Sisi tuko na watoto wawili."

"Hata hivyo iko chini kuliko kulipa mumoja mumoja. Nafasi moja itabaki tu."

Akafanya hesabu upya, akahesabu na basi la kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na chakula. Tukakubaliana twende katikati ya juma, maana siku hizo ni nafuu na foleni ni fupi. Kwenda na kurudi siku moja haikuwezekana, mpaka ungefungwa kabla hatujarudi. Nikasema nazijua nyumba za wageni za masista, ni safi na si ghali.

Halafu nikauliza jambo ambalo lilikuwa kooni tangu alipobisha hodi. Niliuliza nikiwa namimina chai, ili nisimtazame.

"Kwa masista tuchukue chumba kimoja ao viwili?"

Alipitisha kidole juu ya telefoni ingawa hapakuwa na kitu kipya cha kusoma.

"Tutaona kule," alisema.

Maneno hayo mawili niliyalea wiki nzima, kama mtu anavyolea makaa wakati wa mvua. Nilikwenda kwa mshonaji na kitenge nilichokuwa nimekiweka tangu ubatizo wa kijana wangu. Nilisuka nywele. Nilimwambia dada yangu anayekaa Munigi habari yote, chai, kicheko, tikiti, chumba. Aliendelea kumenya viazi vyake.

"Mutu akisema tutaona, yeye ameshaona," alisema.

Nilimkasirikia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima nikimjibu moyoni. Yeye hakumsikia akicheka. Hakuona jinsi alivyokishika kikombe chake cha zamani kama hajawahi kukiacha.

Asubuhi ya safari tulifika mpakani mapema. Kijana wangu alikuwa amevaa viatu vya Misa. Binti alinitazama kitenge, nywele, hereni, akasema polepole, "Mama, umependeza," na katika sauti yake nikasikia kwamba naye amekuwa akiyalea makaa yaleyale.

Baba yao alitokea katikati ya wanawake wenye mabeseni ya mboga. Begi lake mkono mmoja, na begi dogo la mtoto begani. Mkono wa pili alikuwa amemshika mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, mwenye sweta jekundu.

Hakuna aliyehitaji kuniambia. Ulikuwa uso wa binti yangu, uleule, kipaji kipana na macho yaliyoachana kidogo.

"Ni mutoto wa nani?" kijana akauliza.

"Ni mudogo wenu," baba yake akajibu. Kisha akaniambia mimi, kwa haraka, kama anayetaja bei kubwa, "Mama yake anakaribia kuzaa. Sikukuwa na mutu wa kumuachia. Na kwa tikiti, nafasi ilikuwako."

Binti yangu hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja aone nitafanya nini, na nikajua kwamba nikigeuka nyuma pale, gurudumu lake limekwisha, na kwamba nikipiga kelele, litakwisha vilevile. Nikasema twende, foleni inajaa. Binti akachukua begi la yule mdogo akaliweka begani.

Katika basi kijana alitapika mara moja, mtoto yule hakutapika. Alilala juu ya mapaja yangu kwa sababu baba yake alikuwa kiti cha mbele na nafasi ilikuwa kwangu. Nilikuwa sijui nimguse wapi. Barabara ya kwenda Kigali ina kona nyingi, na katika kila kona ilinibidi nimshike asianguke. Tulipofika nilikuwa nimemshika tu.

Kwenye dirisha la tikiti alikuwako msichana mmoja mchangamfu. Alipotusikia tunavyosema alitugeuzia Kiswahili.

"Papa, mama, watoto watatu," alihesabu, akitufunga bangili za karatasi. "Familia imetimia. Karibuni sana."

Mume wangu alisema asante. Mimi nilitazama bangili yangu. Ilikuwa ya rangi ya machungwa, sawa na yake.

Sitasema kwamba siku ile ilikuwa mbaya. Watoto walicheza. Kijana aliendesha vigari vinavyogongana hadi sauti ikamkauka kwa kucheka. Binti alimshika mkono yule mdogo katika pembea za farasi, akamfundisha kuinua mikono. Mtoto asiye na kosa ni kitu kigumu kuchukia. Nilijaribu kidogo wakati wa kula, alipomwaga Fanta juu ya kitenge changu kipya, nikashindwa.

Halafu tukafika kwenye gurudumu. Kila kibanda kilibeba watu wanne, na mtu wa pale alisema mtoto wa umri ule haruhusiwi kupanda.

"Nitabaki naye," mume wangu akasema.

Binti alikuwa ameshika kamba ya foleni kwa mikono miwili. "Papa, ulisema tutapanda na wewe."

"Panda nao," nikasema. "Mimi naogopa hata ngazi."

Wakapanda. Nilisimama chini na mtoto wa mwanamke mwingine kiunoni, nikawaangalia wakiinuliwa. Walikuwa watatu kibandani na nafasi moja tupu. Binti alikuwa ameegemea bega la baba yake. Nilikuwa sijamwona akiegemea kitu chochote mwaka mzima. Alikuwa amegeuka mtoto anayesimama wima. Walipofika juu kabisa walinipungia mkono, wote watatu, na mimi nikapunga.

"Papa iko wapi?" mtoto akaniuliza.

"Iko kule juu."

"Atashuka?"

"Atashuka."

Akaniwekea kichwa shingoni. Hapo ndipo nilipolia, bila sauti, kwa sababu ni mimi niliyekuwa na swali hilo tangu mwaka uliopita, na hakuna aliyeweza kunijibu kwa urahisi namna ile.

Mchana ulipopoa, watoto wote watatu walikuwa kwenye maji ya kuteleza ya watoto wadogo, mbele ya macho yetu, tukabaki tumekaa benchi moja. Nikamwambia, "Siku ile nyumbani, ulipokuwa unachagua tikiti, ulishajua utamleta."

Hakukana. "Nilijua nitakuwa na shida ya kumuacha."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekataa. Na mutoto wetu alifaulu." Alikunja na kukunjua ramani ya bustani. "Tena nilijua wewe hauna roho mbaya. Hautamufukuza mutoto."

Nadhani alitaka kunisifu. Nilikaa na sifa hiyo mapajani. Nilitamani kwa siku moja tu niwe mwanamke mwenye roho mbaya, ambaye mwanamume humwogopa kabla ya kumvunja moyo.

"Hautarudi," nikasema. Sikuuliza.

"Hapana," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Unisamehe, mama wa batoto."

Kwa masista alilipa vyumba viwili. Mimi nililala na watoto watatu katika kimoja, wawili kichwani, mmoja miguuni, na yule mdogo ndiye aliyetaka kushikwa.

Kesho yake, basi likiwa linashuka kuelekea Gisenyi, simu yake iliita. Nilimwona akisimama katikati ya basi, akishikilia chuma, uso wake umebadilika. Uchungu wa yule mwanamke ulikuwa umeanza, na haukuwa unakwenda vizuri. Walikuwa wanampeleka kupasuliwa. Tulipovuka mpaka alikwishaita pikipiki. Alinitazama, akamtazama mtoto.

"Nenda," nikamwambia. "Atakaa kwangu."

Alikaa kwangu siku kadhaa. Majirani waliuliza, na mara hii sikusema safari. Nilisema ni mtoto wa mume wangu, mama yake yuko hospitali. Wengine walinisikitikia, wengine walisema mimi ni mjinga. Binti yangu alimsuka nywele vizuri kuliko ninavyomsuka yeye. Kijana alimpa nusu ya kitanda chake, kisha akalalamika. Asubuhi mtoto alikaa chini ya meza yangu ya jibini, akila makombo, na wateja walisema, "Mama, huyu mulifanana naye." Mara ya kwanza nilisahihisha. Baadaye niliacha.

Mume wangu alikuja kumchukua siku ya Jumapili baada ya Misa. Alikuwa amekonda. Hakukaa.

"Mama yake ni muzima," alisema. "Mutoto pia. Ni kijana."

"Profisiya," nikamwambia, kama tunavyopongezana sote Goma, na niligundua kwamba nafurahi kweli kwamba yule mwanamke hakufa. Siku zile zote nilikuwa nimemwombea, nikiwa nimekasirika, lakini nilimwombea.

Mtoto hakutaka kuondoka. Alimshika binti yangu sketi. Ilibidi binti mwenyewe amtoe vidole, kimoja kimoja, akimwambia kwamba atakwenda kumwona kaka mdogo, kwamba ana vidole vidogo kama maharagwe. Alisema haya yote akitabasamu. Mtoto alipokwisha kubebwa, binti aliingia ndani akafunga mlango wa chumba chao.

Nilimwomba mume wangu angoje kidogo. Nilikwenda chumbani, nikafungua kabati, nikatoa suruali zake mbili za Jumapili, koti la mvua, na shati la harusi. Nilikuwa nikizifua na kuzipiga pasi kila mwezi, zisinuke unyevu. Nilizikunja ndani ya mfuko wa gunia, juu yake nikaweka kipande cha jibini kwa ajili ya mzazi, maana mwanamke aliyepasuliwa anahitaji nguvu.

Aliangalia ndani ya mfuko. Alikuwa na mtoto mkono mmoja, mfuko mkono wa pili, na hakuwa na mkono wa kufuta macho.

"Jibini usiiache juani," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akashuka kwenye mawe, taratibu, akitafuta pa kukanyaga. Niligonga mlango wa chumba cha watoto. Binti alifungua. Tukakaa kitandani, nikamlaza kichwa begani pangu, naye akaegemea.