Utani wa Throtobodi

Fundi Uweso amechoka, na uchovu wake haukuanza leo. Miaka aliyolala chini ya magari ya watu hapa Ngamiani imemwachia mgongo usiokunjuka sawasawa na sauti ya mtu aliyekwisha kusema yote. Mimi nauza chai na mihogo ng'ambo ya gereji yake, namwona kila siku. Kilichokuwa kikimchangamsha ni kimoja tu: binamu yake Mwinyijuma, mtoto wa shangazi yake.

Walikuwa watani haswa. Mwinyijuma akifika na gari lake la samaki kutoka Mkwaja, hata injini hajazima, anapiga kelele: "We maiti, hujazikwa tu?" Uweso anajibu huko huko chini ya gari: "N'zikwe vipi, na sanda yangu ushaiuza?" Wateja wageni walidhani wanagombana, sisi tukacheka.

Mwaka huu gari la Mwinyijuma likaishiwa nguvu. Likipakiwa samaki na barafu, kilima kidogo tu linatoa moshi wa bluu, na ndilo linalomlisha yeye na wanawe. Mtu mmoja huko duka la vipuri akamwambia dawa yake ni throtobodi kubwa, kile kikopo cha chuma kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini: mlango ukiwa mpana, hewa inaingia nyingi na nguvu zinaongezeka. Akauza cherehani ya mkewe Zuwena, akainunua.

Uweso aliigeuza mkononi, akaguna.

"Binamu, hii haikusaidii. Injini yako haijakosa hewa, imekwisha ringi za pistoni, nguvu yote inavujia humo. Mgonjwa wa kifua ukimpanua mdomo, ndo atakimbia?"

Mwinyijuma akacheka mpaka akashika ukuta. "Una wivu weye! Waogopa n'takupita na hicho kibaiskeli chako."

"Nasema kweli. Tuifungue injini, tubadili ringi."

"Kweli yako n'shaizoea. Funga, maiti."

Nilitamani kuingilia, lakini nani anaingilia watani? Na Uweso angekasirika siku ile, angepandisha sauti hata mara moja, labda angeeleweka. Hakuwa na nguvu za kukasirika. Akafunga.

Ubaya wa kitu kile ni kwamba mwanzoni kinadanganya. Ukigusa pedeli ya mafuta kidogo tu gari linaruka, kwa sababu mlango mpana hata ukifunguka nusu unapitisha hewa nyingi. Ukikanyaga mpaka chini, nguvu ni zile zile. Mwinyijuma alizunguka mtaa, akarudi anapiga honi na kumtukana Uweso kwa furaha. Kuanzia hapo akawa anapakia zaidi.

Injini ilimfia njiani akitoka Mkwaja, gari limejaa. Samaki wakaoza, gari likavutwa kwa kamba hadi gereji.

Uweso alikuwa amejiandaa kuitwa maiti. Mwinyijuma akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Asalaam aleikum, fundi."

Fundi! Iliniuma mimi, sembuse yeye.

"Sasa nifanyeje?" akauliza Mwinyijuma.

Uweso akamchungulia usoni. Nikajua anautafuta ule utani wao. "Kalete ubani," akasema. "Tuifukize, hii injini ina shetani."

Akangoja kicheko. Mwinyijuma akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nikadhani kaenda nyumbani kulala.

Adhuhuri akarudi. Mkono mmoja ameshika ubani kwenye kikaratasi, mwingine chetezo cha Zuwena, makaa yameshakolea.

"Safari hii sikubishii," akasema.

Uweso hakucheka. Alifungua boneti, akainama na mgongo wake ule, akapokea chetezo, akaifukiza ile injini iliyokufa, pole pole, pande zote.